Joto Lisilo na Mlango

Mtu atokaye mtaa wa Buruburu, Nairobi, alfajiri, akaliacha basi la nambari 58 lipige honi zake bila yeye, akashika njia ya miguu mpaka stesheni ya Makadara, atajikuta amesimama mahali ambapo jua, upepo na mvua huingia na kutoka bila ya kuomba idhini ya mtu. Paa limefunika jukwaa tu, kuta ni chache, na hewa itokayo upande wa mbuga za Athi hupita katikati ya abiria kana kwamba nayo inasafiri. Stesheni kama hii, ukiziondoa taa zake, haina haja kubwa ya umeme. Nimeipita mara nyingi katika umri wangu, na sikuwahi kuihesabu hali yake hiyo kuwa ni neema, mpaka jioni moja mpwa wangu, kijana anayesomea ufundi wa majengo, aliponiuliza: “Mjomba, kwa nini Nairobi haina gari la chini ya ardhi kama la London? Si tungefika mjini kwa dakika kumi tu?” Nikamwambia anipe muda nimtafutie jibu, na jibu lenyewe likanishughulisha kwa miezi, kwa kuwa kila nilipodhani nimefika mwisho wa habari, nilikuta mlango mwingine uko wazi mbele yangu.

Nilikuwa nikidhani, kama wengi wanavyodhani, kuwa uzito wote wa kazi hii umo katika kuchimba. Kumbe kuchimba ni mwanzo, na adui wa miaka yote inayofuata, asiyelala wala kustaafu, ni joto. Kila nguvu inayoteremshwa chini ya ardhi, iwe ya kuwasha taa, ya kuendesha ngazi, ya kulivuta gari au ya kulisimamisha, hatima yake ni kugeuka joto. Na joto hilo, lisipotengenezewa njia ya kutokea tangu siku ya kuchorwa ramani, huingia katika kuta na kukaa humo kama mgeni asiyejua siku ya kuaga, ndipo zinunuliwe mashine za kulifukuza, nazo mashine zile umeme, na umeme huo uzae joto jingine. Nitakayoyasimulia ni habari za watu waliolitambua jambo hili mapema, na za wale waliolitambua wamechelewa.

Naianza nyumbani, ijapokuwa nyumbani hakuna handaki la abiria. Katika mwaka 1896, mwaka ule ule ambao Waingereza walianza kutandika reli yao pale Mombasa, mji wa Budapest ulifungua reli ya umeme iliyopita chini ya barabara kuu ya Andrássy. Reli yetu ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, katika kinamasi ambacho Wamasai walikiita mahali pa maji baridi, na baada ya hapo ikapanda nchi ya Wakikuyu hadi ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, ambako ardhi inakatika ghafla na mtu anaona bonde lote limelala chini yake. Wajenzi hawakutaka kazi ya mbele isimame wakati wakiikata njia ya kudumu ubavuni mwa mlima, kwa hiyo wakatengeneza njia ya muda ya kamba za chuma: mabehewa yalipakiwa juu ya majukwaa ya magurudumu na kuteremshwa kwenye mteremko mkali, na uzito wa behewa lililoshuka, likiwa limejaa vyuma na magogo ya kujengea reli ya mbele, ukisaidia kulipandisha lile lililorudi tupu. Njia hiyo ikatumika mpaka ya kudumu ilipokamilika, na kufikia mwisho wa mwaka 1901 reli ilikuwa imefika Ziwa Nyanza. Msomaji na aiweke kamba hiyo akilini mwake, maana tutairudia: yule anayeshuka anayo nguvu ya kumpa anayepanda, na asiyeipokea nguvu hiyo ameitupa.

London ndiyo iliyotangulia wote. Tarehe 10 Januari 1863 Reli ya Metropolitan ilianza kuchukua abiria kutoka Paddington hadi Farringdon, katika handaki la kina kifupi lililochimbwa kwa kuifukua barabara, kujenga kuta na dari, kisha kuifunika tena. Magari yalikuwa ya moshi. Mhandisi wake mkuu, John Fowler, hakuwa mjinga wa jambo hilo. Alijaribu injini iliyobeba matofali yaliyochomwa mpaka yakawa mekundu ili yaendelee kuchemsha maji bila ya moto ndani ya handaki, na jaribio lake likashindwa. Badala yake zikatumika injini zilizoupeleka mvuke wake katika matangi ya maji ili upoe, lakini moshi wa makaa haukuwa na tangi, na abiria waliuvumilia kwa kukohoa mpaka matundu yalipotobolewa barabarani ili upate pa kupandia. Hapo pana somo la kwanza: njia ya hewa iliyosahauliwa katika ramani ilibidi itobolewe baadaye, kwa gharama, katikati ya mji uliokwisha kujengwa.

Umeme ulipokuja mwaka 1890, katika reli ya City and South London, watu walishangilia kuwa moshi umekwisha, na kwa furaha hiyo wakachimba chini zaidi, katika udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu ulio chini ya mji ule, udongo laini unaokatika vizuri na kushika umbo lake. Mahandaki yakawa mabomba ya mviringo, membamba, yaliyolikaribia gari kiasi cha kwamba baina ya behewa na ukuta hapakubaki nafasi ya kutosha hewa. Laiti wangalijua waliyokuwa wakiyaandikia mikataba!

Lakini sitaki kuwadhulumu, kwa kuwa katika zama zile zile walifanya jambo moja la hekima kubwa, ambalo hadi leo nikilifikiri nalistaajabia. Reli ya Central London, iliyofungua milango yake kwa watu wote tarehe 30 Julai 1900 kati ya Shepherd's Bush na Bank, iliongozwa na wahandisi ambao miongoni mwao walikuwamo James Henry Greathead na Sir Benjamin Baker. Huyu wa pili ndiye aliyelijenga pamoja na Fowler daraja la Forth kule Uskoti, tena akawa mshauri katika bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, katika mto uanzao huku kwetu. Wahandisi hao hawakulilaza handaki sawasawa kama mtu alazavyo bomba la maji. Waliziinua stesheni, wakayashusha mahandaki baina yake, hata njia nzima ikawa ni mabonde na vilima, na kila stesheni ikakaa juu ya kilima chake. Gari likikaribia stesheni hupanda mwinuko wa moja kwa sitini, na kupanda huko hulipunguzia mwendo. Likiondoka huteremka mteremko wa moja kwa thelathini, na kuteremka huko hulisukuma.

Mtu asiyezoea hesabu aweza kulipuuza jambo hili, lakini tulipime kidogo. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa linayo ndani ya mwendo wake nguvu ya kulipandisha takriban mita 5 kwenda juu, pasipo kuhesabu yale yanayopotea katika msuguano. Kilima cha mita 3 tu, likikipanda, kimelipokonya sehemu kubwa ya nguvu ya mwendo huo bila ya breki kugusa gurudumu, na likikiteremka kimelirudishia mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa bila ya kuomba umeme. Udongo umefanywa benki: gari linaweka amana linapoingia na kuitoa linapoondoka, na benki hiyo haina karani, haina mota, haina ukarabati, wala haiwezi kufilisika. Hakuna mashine iliyovumbuliwa tangu hapo inayofanya kazi ya kuzuia israfu kwa unyamavu kama huo, na haikugharimu ila penseli iliyochora mstari uliopinda badala ya ulionyooka. Reli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1968, ilijengwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Walakini wale walioijua siri ya kilima hawakuijua siri ya udongo. Mahandaki yalipochimbwa, mfinyanzi wa London ulikuwa na baridi ya nyuzi 14 hivi, sawa na maji ya mtungi. Na reli ya Bakerloo, iliyofunguliwa mwaka 1906, ilitangazwa kwa watu kuwa ndiyo mahali pa kukimbilia siku za joto. Tangazo hilo lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio uliowahadaa. Udongo ulikuwa ukilimeza joto la magari kama mchanga umezavyo maji, na wenye reli wakadhani hauna mwisho wa kumeza. Miaka ikapita, magari yakaongezeka na kuongeza mwendo, na kila gari lilipofunga breki lilichoma ndani ya handaki nguvu yote iliyokuwa imelileta. Mwili wa binadamu, unaolaumiwa na kila abiria aliyebanwa, una sehemu ndogo tu katika joto hilo, na lililo kubwa hutoka katika breki, mota na msuguano wa magari yenyewe. Baada ya karne moja udongo unaoyazunguka mahandaki ulikuwa umepanda ukapita nyuzi 20 mahali pengi, na ukuta uliokuwa ukipokea joto ukawa sasa ndio unaolitoa. Kutia kiyoyozi katika mabehewa ya mahandaki membamba ni taabu mno, kwa kuwa kiyoyozi hakiliui joto, hulihamisha tu, na linapotolewa behewani humwagwa handakini, mahali pale pale lilipokuwa likikimbiwa.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilizikumbuka nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, ambazo wengi huzisifu kwa nakshi za milango yake na madaka ya kuta zake, na wachache huzisifu kwa ufundi wake wa baridi. Kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita hupokea joto la mchana polepole, hata likifika ndani jua limekwisha kuchwa. Ndipo usiku, kwa njia ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kilicho wazi kwa mbingu na madirisha yanayotazama pepo za bahari, nyumba hulitema joto lote ililolimeza, ikaamka asubuhi haina deni. Ukuta wa London na ukuta wa Lamu ni ndugu, wote wawili hula joto. Lakini yule wa Lamu aliachiwa usiku na kiwanda vya kupumulia, na yule wa London hakuachiwa chochote. Waashi wetu wa zamani hawakuandika vitabu juu ya jambo hili, na kwa ajili hiyo wamehesabiwa kuwa hawakulijua. Mimi nasema walilijua kwa mikono yao, na ingefaa sana wanafunzi wa ujenzi wa Nairobi wapelekwe Lamu kabla ya kupelekwa mbali zaidi.

Pumzi, basi, ndiyo iliyotafutwa na waliofuata. Gari likiingia katika handaki jembamba huisukuma hewa iliyo mbele yake na kuivuta iliyo nyuma, kama mvukuto wa mhunzi. Na kila aliyesimama katika stesheni ya ardhini ameuhisi upepo huo usoni kabla ya kuliona gari. Mjenzi mwenye akili huuweka mvukuto huo kazini: huchimba shimo la hewa kabla ya stesheni ili upepo wa gari utoke nje na joto lake badala ya kuwapiga abiria, na jingine baada yake ili hewa mpya ivutwe ndani, na kazi ambayo ingefanywa na mapangaboi usiku na mchana hufanywa na magari yenyewe. Moscow, iliyoanza reli yake mwaka 1935, ilizoea kuugeuza mwelekeo wa hewa kwa majira, kipupwe njia moja na kiangazi njia nyingine, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana, kwani tangu dahari vyombo vyake vimekwenda na kusi na kurudi na kaskazi.

Afrika iliingia katika habari hii mwaka 1987, Cairo ilipofungua reli yake na kuwapitisha watu chini ya katikati ya mji ule wenye msongamano na joto. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Singapore, mji ulio karibu na ikweta kama sisi lakini uliolala usawa wa bahari, ambako usiku hauna baridi ya kuwakopesha watu, ilifungua reli ambayo stesheni zake za ardhini zilikuwa na ukuta wa vioo kutoka sakafuni hadi darini baina ya jukwaa na njia ya gari, wenye milango inayofunguka tu gari linaposimama na milango yake kuelekeana na ile. Watu walidhani vioo vile ni vya kuwazuia wasianguke relini, na kweli vinawazuia. Lakini sababu iliyowafanya wajenzi watoe fedha ilikuwa ni hewa baridi. Bila ya ukuta ule, kila gari lingeizoa hewa iliyopozwa kwa gharama kubwa na kuimwaga handakini, na kuleta mahali pake hewa ya moto. Kwa hiyo wakatenga: handaki likaachiwa joto lake na mashimo yake ya hewa, na jukwaa pekee, mahali wanaposimama watu, ndilo likapozwa. Ni hekima ya mpishi anayeufunga mlango wa jiko ili sebule isipate moshi.

Dubai iliifuata njia hiyo tarehe 9 Septemba 2009, na kwa kuwa Waswahili na Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi kule, ziko jamaa nyingi hapa kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, zilizosimuliwa juu ya stesheni zile zenye baridi ya kuvalia sweta. Mimi nilipokea masimulizi hayo kwa moyo wa namna mbili. Naustahi ufundi uliowatoa watu katika jua la nyuzi 45, lakini siwezi kusahau kwamba umbali mfupi tu kutoka reli ile, katika mtaa wa kale wa Al Fahidi, imesimama minara ya barjil ambayo wafanyabiashara waliotoka Uajemi waliijenga juu ya nyumba zao, minara yenye midomo minne inayoukamata upepo kutoka upande wowote uvumao na kuuteremsha vyumbani. Mabaharia waliokwenda huko kwa majahazi waliiona. Mnara haukuweza kushindana na Julai ya Ghuba, hilo nalikubali. Lakini kwa miezi ile ambayo Ghuba ina hewa ya kupendeza ungeweza kufanya kazi, na stesheni iliyofungwa pande zote haina budi kulipia hewa mwaka mzima.

Johannesburg ikaja na Gautrain mwezi wa Juni 2010, yenye kilomita 15 hivi chini ya ardhi, na Addis Ababa ikafungua reli yake nyepesi ya umeme mwezi wa Septemba 2015, ambayo sehemu kubwa iko juu ya ardhi. Addis ni mji wa milimani kama wetu, nao walichagua kukaa juani, jambo ambalo naliona ni la busara.

Sasa nairudia kamba yetu ya Bonde la Ufa. Mota ya umeme inayo tabia moja ya ajabu, kwamba ukiipa umeme itazungusha gurudumu, na ukilipa gurudumu nafasi ya kuizungusha yenyewe itakupa umeme. Kwa hiyo gari la kisasa linapotaka kusimama halina haja ya kuyasugua magurudumu mpaka yatoe moto; huiachia mota ifanye kazi ya jenereta, na umeme unaozaliwa hurudishwa katika waya, ukachukuliwa na gari jingine ambalo wakati huo huo linaondoka katika stesheni ya pili. Anayeshuka humvuta anayepanda, kamba ikiwa sasa ni waya. Faida yake ni mara mbili, na ya pili ndiyo inayosahauliwa: umeme umeokolewa, na joto ambalo breki zingelimwaga handakini halikuzaliwa kabisa. Lakini jambo hili lina sharti, nalo ni ratiba. Pasipokuwa na gari la kuupokea umeme huo kwa wakati ule ule, hauna pa kwenda, na huchomwa bure. Ndiyo maana katika reli zilizopangwa vizuri mwandishi wa ratiba huhesabiwa pamoja na wahandisi.

Katika Afrika Mashariki ya leo ni jirani zetu wa Tanzania waliotangulia katika umeme, reli yao mpya ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, ikafika Dodoma kabla ya mwaka kwisha. Sisi bado tunatumia dizeli, pale Makadara na katika reli yetu mpya pia. Handaki tunalo: lile la Ngong, lenye urefu wa kilomita 4.5, lililomo katika reli iliyofunguliwa mpaka Suswa mwezi wa Oktoba 2019. Basi kuchimba tunakuweza. Lakini mtu apitishaye injini ya dizeli katika handaki yuko karibu zaidi na Fowler wa mwaka 1863 kuliko na Baker wa mwaka 1900, na sisemi hivi kwa kebehi bali kwa shauku ya kuona hatua ifuatayo.

Na hatua hiyo tunayo mali ya kuichukulia. Reli ile ya Suswa imeishia karibu na Olkaria, ambako tangu mwaka 1981, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipoanza kuzunguka, joto lililo tumboni mwa Bonde la Ufa limekuwa likigeuzwa umeme, na leo joto hilo linaipa Kenya umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Taa ninayoandikia hapa Buruburu, kwa sehemu yake kubwa, ni moto wa chini ya ardhi uliopewa njia ya kutokea. London nao wamejifunza kulitazama joto lao kwa jicho hilo. Katika mtaa wa Islington palikuwa na stesheni iitwayo City Road, iliyofungwa mwaka 1922 kwa kukosa abiria. Shimo lake likabaki kuwa tundu la hewa la reli ya Northern. Mwezi wa Machi 2020 ulizinduliwa mtambo uliojengwa juu ya shimo hilo, ambao unaivuta hewa ya moto kutoka handakini kwa pangaboi, unalikusanya joto lake kwa mashine na kulitia katika maji, na maji hayo huenda kupasha moto nyumba za watu, zikiwa ni zaidi ya elfu moja zikihesabiwa pamoja na zile zilizotangulia kuunganishwa. Wakati wa kiangazi pangaboi hilo huweza kugeuzwa lipeleke hewa baridi chini. Miaka zaidi ya mia moja ilipita kabla ya joto lile kupata mlango, na mlango wenyewe ukapatikana katika stesheni iliyokufa.

Naomba ruhusa ya msomaji nitoke handakini niingie nyumbani kwangu. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia mapema katika miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, kwa ramani za wasanifu wa Mutiso Menezes: nyumba zenye vigae vyekundu, zilizopangwa kuzunguka viwanja vidogo ambavyo sisi wenyeji tunaviita korti, kila nyumba ikiwa na bustani mbele na uwazi nyuma, ili upepo uingie kwa huku na kutokea kwa kule. Aliyelala humo katika miaka ile hakujua pangaboi ni nini. Kisha maisha yakawa magumu, watoto wakawa wengi, kodi ikawa tamu, na kila mwenye nyumba akaanza kuongeza chumba mbele, duka pembeni, ghorofa juu. Nasi pia tuliongeza, sijitoi. Fundi aliyetujengea chumba cha mbele aliliziba dirisha la jikoni, akasema tutaweka taa. Tangu siku hiyo jikoni kwetu huwashwa taa saa nne ya asubuhi, jua likiwa limejaa tele hatua kumi kutoka hapo, na ndani ya chumba cha kati hewa imesimama kama maji ya kisima. Hakuna aliyekata shauri la kutumia umeme zaidi. Tulikata shauri la ukuta, na ukuta ndio uliotuamulia mengine. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipozimika karibu nchi nzima, niliketi katika chumba kile gizani, nikawaza juu ya watu waliomo chini kabisa, mita 30 za udongo juu ya vichwa vyao, katika stesheni isiyokumbukiwa tundu la nuru wala la hewa.

Kama Nairobi itachimba siku moja, na sidhani ni lazima ichimbe mapema, maana bado juu ya ardhi pana reli nyingi ya kutengeneza, itachimba ikiwa na bahati ambayo Singapore haikuwa nayo. Iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Usiku wa Julai joto lake hushuka mpaka karibu nyuzi 12, na hata miezi ya joto ina alfajiri ya kuvalia shuka. Baridi hiyo ni bure. Stesheni iliyotengenezewa mashimo ya hewa yaliyo wazi usiku ingeweza kuyaosha mahandaki yake kabla ya abiria wa kwanza kushuka, kama nyumba ya Lamu inavyojiosha, na mashine za kupoza zingekuwa za dharura tu. Tena isichimbwe chini kuliko haja, kwa kuwa kila mita ya kina ni mita ya kumpandisha kila mtu kwa ngazi ya umeme kila siku ya Mungu; Budapest walishuka ngazi chache tu kutoka barabarani mwaka 1896, na wangali wanashuka hivyo hivyo. Nasi Barabara ya Jogoo ya huku Eastlands ni pana, yaweza kufukuliwa na kufunikwa tena. Udongo mweusi wa Eastlands, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, utawasumbua wajenzi, lakini mwamba uko chini yake.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu jioni moja, naye akachukua bahasha kuukuu, akaigeuza upande wa nyuma, akachora mstari kutoka stesheni kuu ya Nairobi kupita Muthurwa, Makongeni, Makadara hadi Buruburu. Kwanza aliuchora ulionyooka. Akautazama, akaufuta kwa kifutio mpaka karatasi ikachakaa, akauchora upya kwa vilima na mabonde, kila stesheni juu ya kilima chake, na pembeni mwa kila moja akatia vitundu viwili. Halafu akainua kichwa akaniuliza, “Mjomba, hapa kwetu upepo wa usiku hutoka upande gani?” Nilitaka kumjibu, nikaona sina hakika, na mimi nimekaa hapa miaka yangu yote. Tukaondoka pamoja, tukapitia chumba cha kati, tukatoka nje kortini, tukasimama tukizitazama nguo za jirani zilizokuwa bado kambani, tuone zinapeperukia wapi.